Maji ya Mama Mkwe

Hakuna kitu kinachoweza kunishtua mimi. Nimeshuka shimo la dhahabu kule Masara kwa kamba iliyofungwa na mlevi, nikapanda na gunia la mawe mgongoni, na shimo likaporomoka nyuma yangu kabla sijapangusa macho. Nimeona mtu akilia kwa sababu ametajirika na mwingine akicheka kwa sababu ametapeliwa. Shule niliiacha darasa la tano, kwa miguu yangu mwenyewe, hakuna aliyenifukuza, na leo wale walionishinda hesabu wanakuja dukani kwangu Migori kuomba misumari ya mkopo. Kwa hiyo mtu akianza kuniambia, "Mzee, hili litakushangaza," mimi humwambia aende akamshangaze mwalimu wake.

Hata mama mkwe wangu alipoanza kuvimba sikushangaa. Anatoka Lambwe, na ana umri ambao hata kitambulisho chake kinaukisia tu. Kilichoniudhi ni wanawe. Mke wangu ana ndugu wawili wa kiume, na ukiwajumlisha wote wawili hupati mwanamume mmoja. Mama alivimba miguu, wakasema ni uzee. Akaanza kuhema akitoka jikoni kwenda kwenye kiti, wakasema ni uzee. Akashindwa kulala chali, akawa anakesha ameketi kwenye kochi na shuka mabegani, akikohoa kama mtu aliyemeza moshi, ndipo wakaamka. Na walipoamka walimwita nani? Mzee mmoja wa mizizi, mwenye wembe, akamchanja miguu yote miwili. Maji yakatoka kwenye zile chale, na mashemeji zangu wakashangilia.

"Unaona, ora?" yule mkubwa akaniambia kwenye simu. Ora ndilo jina wanaloitana wakwe kwetu. "Ugonjwa unatoka. Unamwagika wenyewe."

"Hata ukitoboa ng'ombe atamwagika," nikamwambia. "Huwezi kusema umemtibu."

Nikaacha karasha zangu zikisaga mawe, nikawasha gari, nikaenda Lambwe.

Sasa hapa ni lazima mgeni aelewe kitu. Kwetu mama mkwe na mkwe wanaheshimiana mpaka heshima yenyewe inakuwa ugonjwa. Huingii chumbani kwake. Hukai kitandani mwake. Yeye hali akashiba mbele yako, na wewe huli ukashiba mbele yake, kwa hiyo mnaketi pale mbele ya kuku mzima mkidanganyana kwamba mmeshiba. Na kulala chini ya paa la mkwe, hilo hata halizungumzwi. Mimi mambo hayo niliyaona ya watu wasio na kazi. Lakini siku ile nilisimama nje na mgongo wangu umeelekea mlango, kama watu wote, mpaka wanawake wakamtoa mama wamemfunika leso, wakampakia kwenye kiti cha nyuma. Nikaendesha mpaka Homa Bay bila kuangalia kile kioo cha juu.

Daktari wa moyo pale hospitali alikuwa kijana, mtoto wa juzi, mwenye sauti ya taratibu kama anayesoma tangazo. Hakuwa mtu wa kwetu. Dholuo hakijui hata salamu. Akampima mama, akampitishia mashine ya picha kifuani, akatuita ndani mimi na shemeji mkubwa. Akasema ni heart failure.

Shemeji akapiga ukunga palepale. Unajua kwa nini? Kwa sababu maneno hayo yeye huyasikia redioni peke yake, kwenye matangazo ya vifo. Kwake yeye mama alikuwa ameshatangazwa. Alikwisha toa simu aanze kuuliza bei ya hema la mazishi.

"Mzee, tulia," daktari akamwambia. "Mama yako yuko hai. Anakunywa chai pale nje."

"Lakini moyo si umefeli?"

"Haujasimama. Umechoka. Chukulia moyo ni pampu..."

"Daktari," nikamkatiza, "pampu niachie mimi."

Kwa sababu kama kuna kitu ninachokijua duniani ni pampu. Shimo la Masara likiingia maji unashusha pampu. Pampu ikizeeka haizimiki siku moja, hapana; inaendelea kunguruma, inakudanganya, lakini maji inayosukuma ni machache kuliko yanayoingia. Basi yanapanda. Kwanza unayaona chini, kwenye miguu ya watu, halafu magotini, halafu unasikia mtu anapiga kelele kwamba hewa imekwisha. Nilimweleza daktari hivyo, akaniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu.

"Ni hivyo hivyo," akasema. "Yamefika kwenye mapafu."

"Basi mbadilishieni seali, ule mpira wa ndani wa pampu."

"Kwa umri wake hatubadilishi kitu. Tunaipunguzia pampu kazi, na maji tunayatoa kwa njia nyingine."

Wakamlaza. Wakamchoma sindano ya kutoa maji, wakamwekea mpira wa mkojo, na maji yakatoka, si kwa wembe, yakatoka kama yanavyotakiwa kutoka. Mke wangu alikuwa akimwaga ule mfuko na kurudi akicheka peke yake. Mama akalala chali. Akaomba kichana. Daktari akatupa karatasi ya dawa: kidonge cha maji kila asubuhi, hicho asikikose, na vingine viwili vya kuupumzisha moyo na presha. Chumvi apunguze. Maji asinywe kupita kiasi. Apimwe uzito kila siku, na ukipanda haraka arudishwe.

Mimi nikatangaza kwamba harudi Lambwe kwa wembe. Anakuja kwangu Migori.

Pale uani mwa hospitali pakawa na kikao. Shemeji mkubwa, yule wa hema, akavaa uso wa mzee wa ukoo.

"Ora, unataka kumlaza mama chini ya paa lako?"

"Lako linavuja, ora. Langu lina dari."

"Haijawahi kuonekana."

"Hata choo chenye taili hakijawahi kuonekana kwenu. Atakiona."

"Watu watasema nini?"

"Watu watasema anapumua."

Yule mdogo alikuwa anahesabu kwamba mama akienda kwangu, yeye hatalazimika kununua dawa. Mama mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa. Binti yake alimshika mikono akamsihi, na mwishowe mama akasema, "Haya." Niliichukua hiyo haya kama mkataba.

Nikampa chumba kizuri kuliko vyote, karibu na sebule, hatua mbili tatu kutoka choo cha ndani. Niseme ukweli kuhusu choo hicho: hakuna kingine kama hicho mtaani kwetu. Taili mpaka juu, sinki ya rangi ya maziwa, na ukikivuta maji kinanguruma mpaka sebuleni, unajua nyumba hii ina presha. Fundi aliniuliza kama anipunguzie kelele. Nikamwambia aache, nimeilipia.

Mama akaingia, akaketi kwenye kiti cha dirishani, akajifunika leso. Alikuwa mpole kiasi kwamba ungemsahau. Nikiingia anainua leso mpaka shavuni. Nikimsalimu, "Mama, umeamkaje?" anajibu, "Vizuri, ora," na macho yako sakafuni. Asubuhi mke wangu anampelekea uji na vidonge kwenye kisahani, anavipokea kwa mikono miwili. Hataki kusimamiwa. "Mimi si mtoto," anasema.

Akaanza kuvimba.

Kwanza viatu vikakataa. Halafu mzani ukapanda. Halafu mito ikawa miwili, ikawa mitatu, na usiku nikawa nasikia kikohozi kile kupitia ukutani. Tukamrudisha Homa Bay, sindano, mpira, maji yakatoka, akapona. Tukamleta nyumbani, akavimba. Tukamrudisha tena. Nilikuwa kama mtu anayebeba maji kwenye kikapu, na huyo mtu si mimi. Mimi sijawahi kufanya kazi ya namna hiyo.

Daktari akauliza chumvi. Nikapiga marufuku chumvi nyumbani kwangu. Si kwa mama peke yake, kwa wote. Sukuma wiki bila chumvi, samaki bila chumvi, mayai bila chumvi. Wanangu wakala wiki nzima wakinitazama kama mahabusu. Mama akavimba.

Nikajua ni dawa bandia. Nikaenda kwa yule mwenye kemisti nikamwambia mbele ya wateja kwamba anauza chokaa. Akanitolea paketi na risiti na leseni. Nikahamia kemisti nyingine. Mama akavimba na dawa ya pale pia.

Siku ya kliniki niliingia naye mwenyewe, kwa sababu mke wangu alibaki na mtoto mwenye homa, na kwa sababu anayelipa ndiye anayeuliza maswali. Daktari hana Dholuo, mama hana Kiswahili cha kutosha, kwa hiyo mtafsiri ni mimi. Akauliza usingizi, nikatafsiri. Akauliza kikohozi, nikatafsiri. Halafu bila haya, bila hata kushusha sauti, akaniambia:

"Muulize, akinywa kile kidonge cha asubuhi, anakojoa mara ngapi?"

Hebu fikiria. Mtu amesoma mpaka vitabu vimekwisha, halafu anamtuma mkwe amuulize mama mkwe hilo. Mimi pamoja na yote nina adabu. Nikamgeukia mama, nikamuuliza kwa Dholuo kama zile dawa zinakubaliana naye.

"Zinakubali," mama akasema kwenye leso.

"Anasema vizuri," nikamwambia daktari.

Daktari akaandika. Akaongeza dozi.

Wakati huohuo maneno yalikuwa yameanza kule Lambwe. Ukiwa maskini kwetu unasemwa mvivu, ukipata kitu unasemwa unafuga nyoka wa utajiri anayelishwa watu. Mashemeji zangu, ambao hawajawahi kununua hata pamba ya hospitali, wakawa wanawauliza watu sokoni: mbona mama anapona Homa Bay, na akiingia nyumba ya ora anavimba? Ile dhahabu inalishwa nini? Yule mkubwa alinipigia simu amelewa.

"Ora, tunakuomba. Ukimaliza kumla mama, utuletee hata mifupa."

"Nitakuletea na bili," nikamwambia, nikakata.

Lakini sikupata usingizi. Si kwa sababu ya maneno ya walevi. Ni kwa sababu hesabu yao ilikuwa sahihi, na mimi nachukia hesabu ya mjinga ikiwa sahihi. Kwangu anavimba. Kwingine hapana. Na daktari alikuwa ameshaniambia pembeni kwamba kila maji yanapofika kwenye mapafu, ule moyo unarudi nyuma kidogo, na siku moja hautarudi mbele tena.

Katikati ya mambo hayo ikanibidi niende Muhuru Bay. Nilitaka kuingia kwenye biashara ya omena, wale dagaa wa ziwani, kwa vile niliona watu wasio na akili wanaipatia faida, nikajiuliza mwenye akili atapata nini. Nikakaa kule siku kadhaa nikibishana na wanawake wa omena. Ni watu wa ajabu. Wanakupimia kopo huku wanakutukana, na mwisho unashukuru.

Niliporudi, mama alikuwa amesimama barazani. Amesimama, nasema. Amevaa viatu vyake vya kanisani, vyeusi, vya kufunga, na vifundo vya miguu vinaonekana kama vya mtu yeyote. Aliponiona akaingia ndani haraka, bila kuhema.

Nikafurahi. Nikasema dozi imefanya kazi, nikampigia daktari kumsifu, jambo ambalo silifanyi ovyo. Baada ya siku chache viatu vikarudi chini ya kitanda.

Hapo nikachukia kweli. Nikamwambia mke wangu tunampeleka Nairobi, apasuliwe, awekwe mashine, nitauza karasha moja. Nilikuwa natembea sebuleni nikipiga kelele juu ya madaktari wa kaunti, na kemisti, na ndugu zake, nikafika mpaka kwenye ukoo wao wote, ndipo mke wangu akafunga mlango akanisimamia mbele.

"Nyamaza. Mama anasikia."

"Asikie! Nani hapa nyumbani anamfanyia mama yako mengi kuliko mimi?"

"Ndiyo maana anakufa."

"Unasema nini wewe?"

Akaangalia pembeni. Mke wangu ni Msabato wa kuzaliwa, maneno machafu hayajui, na nilimwona akilitafuta neno lililo safi na kulikosa.

"Wewe ukiwa nyumbani," akasema, "mama hakojoi."

Nikakaa chini.

Akanieleza kwa sauti ya chini, kama anayeungama kwa niaba ya mtu. Kile kidonge cha asubuhi ukikinywa kinakupeleka choo asubuhi yote, huna ubishi nacho. Na choo kiko wapi? Ndani. Kinanguruma wapi? Sebuleni. Nani yuko sebuleni na chai yake na redio yake na wageni wake? Mkwe. Mama mkwe apite mbele ya mkwe wake akienda choo, arudi, aende tena, na kila mara nyumba nzima itangaziwe? Basi alikuwa anakibana kidonge shavuni, binti akigeuka anakitema kwenye leso. Vile vingine viwili alikuwa anavimeza, havina aibu. Mimi nilipokwenda Muhuru Bay alivimeza vyote na kukimbia choo kama msichana, akicheka. Mke wangu alipomuuliza mbona leo, akajibu, "Ora hayupo." Na siku za kliniki pia alikuwa hanywi, kwa kuwa ni mimi ninayeendesha gari, na ni nani atamwambia mkwe asimamishe gari achuchumae?

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie mkojo wa mama yangu? Wewe?"

Kazi yote ya daktari, sindano zote, dozi juu ya dozi, na ugonjwa ulikuwa mimi na chai yangu.

Watu wangu ni wajinga, nilisema hivyo siku ile na nasema hivyo leo. Kuna heshima na kuna wazimu. Nikainuka nikaenda kwenye mlango wa chumba cha mama, nikasimama nje, kwa maana hata nikiwa na hasira siingii.

"Mama."

"Naam, ora."

"Nimeambiwa dawa hunywi."

Kiti chake kikasogea.

"Mama, nyumba ni yako. Pita utakavyo. Mimi siangalii, sisikii."

"Una masikio, ora."

"Nitatoka asubuhi mapema."

"Utarudi kunywa chai."

"Mama, utakufa!"

"Kufa ni mara moja, baba. Aibu inabaki na watoto, inalala nao."

Nikashindwa kujizuia. "Mama, ni mkojo tu!"

Nilisikia leso ikivutwa kichwani. Mke wangu akanishika mkono akanitoa pale kama anavyotoa mbuzi shambani, na hakunisemesha mpaka siku iliyofuata. Mama aliacha hata ule uji.

Jumamosi wakaenda kanisani wote, mama akabaki hawezi, mimi nikabaki kwa sababu nilikuwa na mtu wa mchanga aje nimlipe. Mchana nikasikia kitu kama maji yanayochemka. Nikaita, hakujibu. Nikaingia. Ndiyo, niliingia. Alikuwa kwenye kiti, midomo imegeuka rangi, mikono inashika hewa, na kifua kinakoroma. Aliponiona akanionyesha mlango kwa kidole. Kwamba nitoke.

Nikambeba. Mkwe amembeba mama mkwe wake mikononi kama bibi harusi, katikati ya Migori, mchana, watu wa duka la jirani wamesimama midomo wazi. Alikuwa mzito kwa maji na mwepisi kwa mifupa. Njiani alikuwa ananipiga kifuani kwa ngumi ndogo, na kila ngumi nilishukuru, maana anayepiga anapumua.

Hospitali ya hapo Migori wakamwahi. Sindano, oksijeni, mpira. Jioni maji yalikuwa yameanza kutoka. Nikampigia yule daktari wa Homa Bay nikamweleza.

"Kwa hiyo hajawahi kukinywa?" akauliza.

"Hajawahi, mimi nikiwepo."

"Lakini mimi niliuliza, mzee. Nilikuambia umuulize."

"Uliuliza kupitia mimi. Ungemwita nesi wa kike wa kwetu, ungejibiwa siku ya kwanza. Chuo gani hicho hakikufundishi kwamba mgonjwa ana mkwe?"

Akacheka kidogo, na kicheko chake nilikipenda kuliko maneno yake. Akasema kidonge si lazima kiwe cha asubuhi. Kinaweza kunywewa mchana, saa ambayo mimi niko kazini. Mke wangu akampelekea mama wazo hilo pale kitandani. Akarudi na jibu.

"Anasema saa si shida. Anasema ni paa lako, na choo chako."

"Kwa hiyo arudi Lambwe kwa wembe?"

"Anasema umjengee choo ambacho hakijui jina lako."

Kwa Dholuo maneno hayo ni mazito zaidi. Maana yake: kisiwe ndani ya boma langu, kisiwe na geti moja na mimi, nisipite mbele yake nikienda kazini. Nje ya ukuta, lakini binti asikie akiitwa.

Nje ya ukuta wangu kuna kipande cha mwalimu mstaafu, kimeota magugu tangu nihamie. Mwalimu huyu amewahi kusema mbele ya watu kwamba mimi ninasoma gazeti kwa picha. Nilipokwenda kwake akanikalisha kwenye kigoda, akavaa miwani.

"Kwa hiyo unataka ardhi ya kujenga choo," akasema.

"Na chumba."

"Na wewe una vyoo vingapi?"

"Vitatu."

"Na bado hukupata pa kumweka mama mkwe." Akavua miwani akaifuta polepole. "Hata sisi wasomi tusingeliweza hilo."

Akanitajia bei ya mtu anayejua kwamba huna pa kwenda. Nikapunguza, hakushuka. Mimi niliyewapunguzisha bei Wahindi wa Kisumu nikalipa bei ya mwalimu mstaafu, kwa sababu hospitali walikuwa wamesema wanamruhusu mama mwisho wa wiki.

Fundi naye akataka kujua. "Bosi, choo cha shimo? Wewe? Na mabati hivi tu?"

"Chimba."

"Nisikiwekee taili hata kidogo?"

"Ukitia taili, nakuzika humo."

Chumba kimoja cha mabati, sakafu ya saruji, dirisha linaloangalia upande wa pili, si kwangu. Choo cha shimo nyuma yake, karibu, na kitako cha mbao kilichoinuliwa, kwa maana magoti yake hayachuchumai tena, na vishikio viwili vya bomba pembeni. Vishikio nilivichomelea mwenyewe, na sitaki kusifiwa. Mashine ya kuchomelea ni yangu. Geti dogo linafunguka kwenye njia ya nyuma. Mke wangu anapita pengo la ukuta ambalo nililivunja na ambalo mimi sipiti.

Mama alihamia huko. Kidonge anakinywa asubuhi, mbele ya binti yake, anafungua kinywa aonyeshe kwamba hakuna kitu shavuni, wanacheka. Siku ya kliniki mke wangu anaendesha, amejifunza, na anasimama kila kichaka kutoka hapa mpaka Homa Bay. Daktari anasema pampu ni ile ile mbovu na haitakuwa mpya, lakini shimo ni kavu. Dozi ameipunguza, amerudi kwenye ile ya kwanza kabisa. Mashemeji wamekuja kutembea, wakakagua kila kona wakitafuta nyoka, wakala, wakashiba, wakaomba nauli. Mama mwenyewe mimi simwoni. Nasikia tu viatu vyake vikipita upande wa pili wa ukuta, na nikisikia, ninaongeza redio.

Desturi hiyo bado naiona ya kijinga. Ningeweza kubishana nayo mpaka kesho na ningeishinda, lakini huyo mama angekuwa kaburini Lambwe na mimi ningekuwa nimeshinda. Bili za hospitali sizihesabu, hizo hata mtu wa kawaida mwenye pesa analipa. Ninayoihesabu ni ya choo, pamoja na kipande cha mwalimu, mabati, saruji, fundi na kufuli la geti ambalo ufunguo wake mimi sina: shilingi laki tatu, elfu arobaini na mbili, mia sita na themanini.